Mita Isinene Kupita Haja

Mtu hujenga nyumba kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kujikinga na jua, mvua na baridi. Sababu ya pili ni kujisitiri na macho ya watu. Kwa sababu ya kwanza mtu hakuwapita wanyama, maana fisi ana pango lake na ndege ana kiota chake. Kwa sababu ya pili yeye ni mtu. Hufunga mlango apate kula alicho nacho, kulia msiba wake, kumwomba Mungu wake na kupatana na mwenziwe pasipo kutazamwa. Wazee waliposema ya kuwa nyumba husitiri mambo, waliitaja kazi hii ya pili, ambayo haifanywi na mabati wala mawe peke yake, bali na heshima ya jirani asiyechungulia.

Insha hii yahusu kitu kidogo, chenye ukubwa kama wa kitabu cha shule, ambacho kimefungwa ukutani na ambacho chaweza kuchungulia ndani bila kupiga hodi. Kitu hicho ni mita ya umeme. Nataka kuthibitisha mambo mawili. La kwanza, mita ya nyumba haipaswi kupeleka habari nje mara nyingi kuliko haja ya kazi iliyowekewa. La pili, panapotakiwa habari kupita haja hiyo, wa kukubali au kukataa ni mkaaji wa nyumba, si mwenye mita.

Twende Ruiru na Thika, kwani huko jambo hili laonekana waziwazi. Miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu haikuanza jana kujuana na umeme. Mto Ruiru ulizungusha mitambo iliyopeleka umeme Nairobi katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, na karibu na Thika kituo cha Ndula kikafuata baadaye. Thika ikawa mji wa viwanda: nguo, ngozi, mananasi ya mikebe na mafuta ya kupikia. Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa, ikakamilika mwaka 2012, safari ya Nairobi ikawa fupi, na mashamba mengi ya kahawa yakakatwa ploti. Leo msafiri aonapo Ruiru huona majumba ya ghorofa tano na sita yamesimama bega kwa bega, na wengi wakaao humo ni wapangaji: vibarua, walimu, wauguzi, makarani, na wanafunzi wa vyuo vilivyo kando ya barabara ile. Chini ya ngazi za kila jumba zipo mita zimepangwa safu kama wanafunzi kwenye gwaride.

Mita hizo si za namna moja, na yafaa tuzitenge. Zamani mita ilikuwa na kisahani kilichozunguka nyuma ya kioo. Mara moja kwa mwezi msoma mita alifika, akabisha hodi, akaandika namba, akaenda zake. Alijua jumla ya umeme uliotumika tangu safari yake iliyopita, wala hakujua zaidi.

Kuanzia mwaka 2009 zikaanza kuingia mita za tokeni. Mkaaji hununua umeme kwa simu, hupewa tarakimu 20, naye huzibofya kwenye vitufe. Mita ya kawaida ya namna hii ina masikio lakini haina ulimi. Ushahidi wake tuliuona mwaka 2024. Mita za mtindo huo, duniani kote, zilihitaji kubadilishiwa hesabu zao za ndani kabla ya tarehe 24 Novemba mwaka huo, la sivyo zingekataa tokeni mpya. Hapa Kenya wenye mita walipewa mafungu mawili ya tarakimu 20, wakayabofya kwa vidole vyao kabla ya kuingiza tokeni ya kawaida. Kama mita zile zingekuwa na mazungumzo na ofisi, kazi hiyo ingemalizika usiku mmoja watu wamelala.

Sasa imekuja namna ya tatu, iitwayo mita mahiri. Hii ina masikio na ulimi pia. Hupima umeme, kisha yenyewe hupeleka habari kwa njia ya simu au intaneti, mchana na usiku. Kampuni ya umeme inazo. Tena zipo mita ndogo za watu binafsi, ambazo mwenye nyumba hununua dukani na kuzifunga nyuma ya mita kubwa ya kampuni, moja kwa kila mpangaji, ili kila mtu alipie alichotumia. Jambo hilo ni la haki, kwani liliondoa ugomvi wa zamani wa kugawana bili ya ploti nzima, ambapo mwenye taa moja alilipa sawa na mwenye friji na pasi. Lakini baadhi ya mita hizi nazo zina ulimi, na aliyezifunga huweza kuzitazama katika simu yake akiwa ameketi popote.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Mita yenye ulimi si mbaya kwa kuwa nao. Hata msoma mita wa zamani alikuwa na ulimi. Tofauti ni kiasi cha maneno. Siku moja ina dakika 1,440 na sekunde 86,400. Mita inayotuma habari mara moja kwa siku hutuma habari 30 kwa mwezi. Inayotuma kila nusu saa hutuma 1,440. Inayotuma kila dakika hutuma 43,200. Inayotuma kila sekunde mbili hutuma 1,296,000. Chombo ni kile kile, ukuta ni ule ule na umeme ni ule ule. Lakini habari ya kwanza ni hesabu ya duka, na ya mwisho ni shajara ya maisha ya mtu, iliyoandikwa na mkono usiolala.

Msomaji aweza kuuliza: je, wati zaweza kusema nini juu ya mtu? Zaweza kusema mengi. Kila chombo cha umeme kina mwendo wake, kama vile kila mtu ana mwendo wake ngazini. Birika hupanda ghafla na kushuka ghafla. Friji huwaka na kuzima kwa zamu usiku kucha. Pasi huvuta, huacha, huvuta tena. Mwaka 1989 George Hart wa Marekani, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa elimu ya kutambua vyombo vya nyumbani kwa kuutazama umeme uingiao tu, aliandika makala kuonya ya kuwa elimu hiyo yaweza kugeuzwa njia ya kuwapeleleza watu majumbani mwao. Aliyeonya hakuwa mtu mwoga wa mitambo. Alikuwa miongoni mwa walioiunda elimu yenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Münster, Ujerumani, walionyesha ya kuwa mita iliyotuma habari kila sekunde mbili iliweza kufichua hata filamu iliyotazamwa katika televisheni, kwa sababu picha yenye nuru na picha yenye giza hazikuvuta umeme sawa.

Tuchukue chumba kimoja cha kubuni katika ghorofa ya tatu huko Ruiru, chenye mita inayotuma habari kila dakika. Saa kumi na nusu alfajiri wati zapanda kufika elfu nne, na baada ya dakika sita zashuka: mtu ameoga. Saa kumi na moja kasorobo zapanda kufika elfu mbili kwa dakika tatu: amechemsha chai. Saa kumi na moja na dakika ishirini yabaki friji peke yake: ameondoka. Mpaka saa mbili usiku hakuna kitu kingine kilichowashwa. Basi huyu hufanya kazi mbali, na kwa karibu saa kumi na tano chumba chake hakina mtu. Habari hiyo ni mali kwa mwizi. Jumatano hakuondoka: ama ni mgonjwa, ama hana kazi tena. Usiku wa Alhamisi taa yawaka saa nane, yazima saa tisa, yawaka tena: kuna mtoto mwenye homa, au kuna wasiwasi mkubwa. Tarehe 25 ya mwezi shawa haifunguliwi tena na birika halichemki: mfuko umekauka. Sasa zitie habari hizo mkononi mwa mtu anayengojea kodi tarehe 5.

Kisha ichukue mita ile ile, uiamuru inene mara moja kwa siku. Itasema: yuniti mbili. Basi. Shawa, birika, friji na taa vimechanganyika kama maji ya visima vinne katika mtungi mmoja, wala hapana awezaye kuyatenga. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mkaaji wa nyumba ndiye kata. Ameingia ndani, amechota, anajua. Mwenye kudai malipo ameambiwa kiasi, na kiasi ndicho alichokihitaji.

Kuna watu watakaojibu ya kuwa mita lazima ipime kila mara, la sivyo itakosea hesabu. Jawabu hili huchanganya mambo mawili. Kupima ni jambo moja na kunena ni jambo jingine. Mita iliyo njema hupima bila kupumzika, kama moyo unavyopiga. Lakini moyo haumpigii simu daktari kwa kila pigo. Mita yaweza kupima kila sekunde, ikajumlisha ndani yake, ikatoa jumla moja jioni, na hesabu isipungue hata senti. Tena yaweza kumwonyesha mkaaji mwenyewe habari zote kwenye kioo kidogo kilicho chumbani, bila habari hizo kuvuka kizingiti. Ukarimu wa habari kwa mwenye nyumba yake na ubahili wa habari kwa walio nje havigombani.

Wala nisidhaniwe kuwa nasema kwa ajili ya siri tu. Mita inayonena ovyo ni mbaya hata kwa kazi yake. Chukua ploti yenye nyumba 20, kila mita ikituma habari kila sekunde kumi. Kwa siku moja zitatumwa habari 172,800. Habari hizo hupita katika njia moja nyembamba ya mawimbi ya redio, na njia hiyo ni kama darasa: wanafunzi wote wakisema pamoja, mwalimu hasikii hata mmoja. Siku waya utakapopata moto, au mtu atakapofungua mita usiku kwa bisibisi, habari ile moja ya maana itasongwa na elfu nyingine zisizo na maana. Kila habari nayo yataka malipo ya intaneti na mahali pa kuwekwa, na malipo hayo aghalabu mwisho wake humwangukia mpangaji.

Ndiyo maana fundi mwenye akili huiwekea mita masharti. Kwanza, huiamuru itoe jumla kwa wakati uliopangwa. Pili, huiamuru itoe habari ya ghafla panapotokea hatari tu, kama vile umeme kuzidi kiasi ambacho waya waweza kuchukua. Tatu, huweka muda wa chini kati ya habari na habari, ili mita isirukwe na akili ikapiga kelele mfululizo. Hapa pana mtego ambao mwanafunzi yafaa aujue. Mafundi wengine huiamuru mita iseme kila umeme unapobadilika kwa kiasi fulani, wakidhani ya kuwa wamepunguza maneno. Kama kiasi hicho ni kidogo, kila taa na kila birika litatangazwa palepale liwashwapo. Maneno yamepungua kweli, lakini siri imetoka yote. Hesabu ya habari si kipimo pekee. Tazama pia kila habari yafichua nini.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana hoja isiyopingwa haijapimwa.

Wa kwanza husema: umeme unaibwa. Ni kweli. Katika miaka ya karibuni Kenya imepoteza kiasi kama sehemu moja kwa tano ya umeme wake, baadhi kwa uchakavu wa nyaya na baadhi kwa wizi, na hasara hiyo hulipwa na wateja waaminifu. Mwizi na ashikwe. Lakini wizi hugunduliwa kwa kujumlisha na kutoa, hesabu ya shule ya msingi. Funga mita moja penye transfoma na ulinganishe jumla yake ya siku na jumla za nyumba zinazohudumiwa nayo. Ikiwa transfoma ilitoa yuniti 500 na nyumba zilihesabu 380, tofauti ni kubwa kupita upotevu wa kawaida wa nyaya, na mtu wa kutumwa na atumwe. Kwa njia hiyo hiyo mwenye ploti aweza kulinganisha mita yake kubwa na zile ndogo. Kazi hiyo haikuhitaji kujua saa ambayo mama fulani alipiga pasi. Anayedai habari za kila dakika ili amshike mwizi ni kama askari anayetaka funguo za nyumba zote za mtaa kwa kuwa kuku mmoja amepotea.

Wa pili husema: habari nyingi humfundisha mtu kuweka akiba. Haya pia yana ukweli. Mtu akiona kwa macho yake shawa inavyokula umeme, ataoga upesi. Lakini aonaye awe yeye aogaye. Kama habari ni kwa faida ya mkaaji, basi apewe mkaaji. Sijasikia mtu aliyepunguza uzito kwa sababu jirani yake alipanda mizani.

Na hapa yafaa nikiri ya kuwa kuna mahali ambapo habari za mara kwa mara ni baraka. Kiwanda cha Thika ni mfano. Tangu Desemba 2017 Kenya imekuwa na utaratibu wa kuwapunguzia bei ya umeme viwanda na biashara kubwa zinazoongeza kazi katika saa za usiku, wakati mahitaji ya nchi ni madogo. Kiwanda hakiwezi kupata haki hiyo bila mita inayojua saa. Tena kiwanda hakina kitanda, hakina mtoto mgonjwa, hakina sala ya alfajiri. Siri zake ni za biashara, nacho kina wanasheria wa kuzilinda. Kadhalika mtu aliyejifungia sola juu ya paa, akitaka kuona kila dakika jua limempa nini, ni shauri lake. Sipingi wingi wa habari kwa mtu aliyeutaka mwenyewe. Napinga desturi ya kuchukua kipimo cha kiwanda cha Thika na kukivisha chumba kimoja cha Ruiru.

Wa tatu husema kwa kiburi: asiye na hatia haogopi kuonekana. Huyu ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu maneno yake yana sura ya wema. Mwulize kama aweza kuondoa mapazia ya chumba chake cha kulala. Mwulize kama atakubali barua zake zisomwe hadharani katika kituo cha matatu. Atakataa, na akikataa hatutamwita mhalifu. Tunajificha mambo mengi yasiyo ya aibu: maradhi, umaskini, toba, upendo. Kujificha kwetu si ushahidi wa hatia. Ni haki ya mtu aliye huru.

Haki hii si ndoto yangu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humlinda kila mtu dhidi ya kutakiwa bila sababu habari za jamaa yake na mambo yake ya faragha, au kufichuliwa kwa habari hizo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaongeza ya kuwa habari zikusanywazo juu ya mtu zisizidi zile zinazohitajiwa na kazi iliyotajwa. Likumbukeni neno hilo, kuhitajiwa. Sheria haikusema habari zinazowezekana kukusanywa, wala zinazopendeza. Kwa kuuza tokeni hazihitajiki habari za kila dakika. Kwa kugawa bili ya ploti hazihitajiki. Kwa kushika mwizi, tumeona, hazihitajiki.

Mataifa mengine yamekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 2009 Seneti ya Uholanzi ilikataa mswada wa kulazimisha mita mahiri katika kila nyumba, na miongoni mwa sababu kubwa ilikuwa hofu juu ya faragha ya watu. Sheria ikarekebishwa, na mkaaji akapewa nafasi ya kukataa, au kukubali mita inayosomwa mara chache tu kwa mwaka, asipotaka zaidi. Agosti 2018 mahakama ya rufani ya Marekani iliyoko Chicago iliamua kesi ya wakazi wa Naperville, mji wa jimbo la Illinois, ambao mita zao zilichukua habari kila dakika 15. Majaji walisema ya kuwa kuchukua habari kwa namna ile ni kupekua nyumba. Waliukubali upekuzi huo kwa kuwa ulifanywa kwa ajili ya huduma ya umeme, si kwa kumshitaki mtu. Lakini wakaonya ya kuwa muda ukifupishwa, uamuzi wao waweza kubadilika. Angalieni vema, vijana. Mbele ya majaji wale, tofauti kati ya halali na haramu yaweza kuwa hesabu ya dakika.

Yupo atakayesema: basi mpangaji na atie sahihi ya kukubali, shauri limekwisha. Ningependa iwe hivyo, lakini namjua mpangaji. Amepanda ghorofa tatu na mizigo yake, malipo ya miezi miwili ameshatoa, gari lililoleta kitanda lingojea chini, na mwenye nyumba ameshika karatasi kwa mkono mmoja na funguo kwa mkono mwingine. Atatia sahihi hata kama karatasi yasema ya kuwa mwezi ni wa mraba. Ridhaa ya mtu asiye na pa kulala si ridhaa. Ni njaa ya paa. Kwa hiyo haki hii isiachiwe mapatano ya wawili wasio sawa. Iwe kanuni kwa wote.

Kanuni nitakayo ni fupi. Mita ya nyumba ya kukaa ipime itakavyo, lakini inene nje mara moja kwa siku, wala isizidi, isipokuwa kwa hatari ya moto au ya kuharibiwa. Atakaye habari zaidi amwombe mkaaji kwa karatasi ya peke yake, si kwa sentensi iliyofichwa ndani ya mkataba wa kodi, na jawabu la hapana lisimpotezee mtu chumba. Habari za ndani zibaki ndani ya nyumba, na za zamani zifutwe. Mwenye kuzitazama jina lake liandikwe, ili mchunguzi naye achunguzwe. Wenye nyumba wengi wa Ruiru na Thika ni watu waungwana, wala hawatapungukiwa na kitu kwa kanuni hii. Watakaopungukiwa ni wale waliotaka kujua yasiyowahusu, na hasara yao ni faida ya wengine.

Ninyi mnaosoma maneno haya mtakuwa kesho mafundi, wanasheria, wakuu wa ofisi na wenye nyumba. Baadhi yenu mtakaa mbele ya kompyuta, na mbele yenu kutakuwa na nafasi tupu itakayouliza: mita itume habari baada ya muda gani? Mkono utataka kuandika tarakimu ndogo kuliko zote, kwa kuwa chombo chaweza na kwa kuwa hakuna anayewaona. Wakati huo mkumbuke ya kuwa upande wa pili wa tarakimu ile kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna mtu. Na jioni ya leo, mkirudi nyumbani, itazameni mita ya kwenu na muulize maswali matatu: yasema nini, yamwambia nani, na mara ngapi? Asiyepata jawabu ana haki ya kulidai.

Mita ni mtumishi. Mtumishi mwema hutoa hesabu yake jioni, kwa ukweli na kwa ukamilifu, kisha hunyamaza. Akizunguka sokoni kutwa kucha akisimulia aliyoyaona chumbani, hata kama kila neno lake ni la kweli, huyo hafai kukaa mlangoni mwa mtu.